Mbwa wa Gundagai na Mtumbwi wa Yarri

Katika jimbo la New South Wales nchini Australia, takriban kilomita 390 kusini-magharibi ya Sydney, upo mji mdogo unaoitwa Gundagai. Wakaazi wake ni kiasi cha watu 2,000. Mji wa kadiri hiyo, popote duniani, hujulikana na majirani zake tu, na pengine na madereva wanaosimama kununua mafuta. Huu sivyo. Waaustralia wengi ambao hawajapata kuukanyaga walilijua jina lake tangu utotoni, na kilicholieneza si dhahabu, ijapokuwa ilichimbwa huko, wala si vita. Ni ushairi.

Hata ramani ya mji inasomeka kama faharasa ya diwani. Barabara yake ya maduka inaitwa Sheridan, jina la mwandishi wa tamthilia wa karne ya 18. Ziko njia za Homer, Virgil na Byron. Kilima kinachouinamia mji kinaitwa Parnassus, kwa jina la ule mlima wa Ugiriki ambao watu wa kale waliamini kuwa ndio makao ya miungu-wake wa sanaa na utenzi. Waliozipa mahali hapo jina walikuwa watu wa mbali na vitabu vyao, na kila mgeni hutia katika ardhi asiyoijua majina anayoyajua. Majina hayo hayana ubaya. Ubaya ni kwamba walikuwapo watu waliokuwa na maneno yao juu ya ardhi ile ile, na maneno hayo yalihusu uhai na mauti.

Watu hao ni Wawiradjuri. Ardhi yao ni mojawapo ya kubwa kabisa miongoni mwa za wenyeji wa asili wa Australia, nchi ya mito mitatu, na mmojawapo wa mito hiyo ni huu unaopita Gundagai, uitwao leo Murrumbidgee. Unashuka kutoka milima ya theluji na kwenda takriban kilomita 1,500 kuelekea magharibi, hadi ukutane na mto Murray. Katika lugha ya Kiwiradjuri mto huitwa *bila*. Kwa sikio la Mswahili neno hilo lina kejeli yake, kwani lile ambalo kwa Wawiradjuri ni wingi wa maji, kwa Kiswahili ni kukosekana kwa kitu.

Walowezi wa Kizungu walifika bondeni humo katika miaka ya 1820 na 1830, wakifuata malisho ya kondoo na ng'ombe. Njia ya kutoka Sydney kwenda upande wa kusini, ulikokuwa ukiinuka mji wa Melbourne, iliuvuka mto hapo, na panapo kivuko hapakosi nyumba ya wageni, muhunzi na duka. Mwaka 1838 mji ukatangazwa rasmi. Ukawekwa pale palipowafaa wasafiri: kwenye uwanda wa chini, baina ya mto wenyewe na kijito kinachochepuka kutoka humo na kuurudia mbele. Kwa maneno mengine, mji uliwekwa katikati ya maji mawili. Simulizi za Gundagai, za weupe na za weusi, zinakubaliana juu ya jambo moja: Wawiradjuri waliwaonya wageni kwamba uwanda ule ni wa mto, na kwamba mto una desturi ya kuja kuchukua chake. Mafuriko ya mwaka 1844 yakathibitisha maneno hayo. Watu walitwesha vitu vyao madarini, wakangoja, maji yakapungua, wakashuka. Kuanzia hapo wengi wakajipa moyo kwamba dari ni kinga ya kutosha. Mazoea hayo ndiyo yaliyowaua.

Juni, katika nusu ya kusini ya dunia, ni kipupwe kikali. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Juni 1852, baada ya mvua kubwa, Murrumbidgee ulipanda kwa nguvu ambayo mji haukuwa umepata kuiona. Mji wenyewe ulikuwa na watu wapatao 250. Walipanda madarini kama walivyozoea, kisha mapaani, na nyumba zilipoanza kung'olewa, wakarukia mikalitusi iliyosimama majini na kuyashika matawi katika giza na baridi. Idadi ya waliokufa hutajwa kuwa 78 kwa uchache, na wengine huifikisha 89. Ni moja ya gharika zilizoua watu wengi kabisa katika historia iliyoandikwa ya Australia. Karibu thuluthi ya mji ilikwenda na maji, na majengo, ila machache mno, yakaenda nayo.

Wengi miongoni mwa walio hai asubuhi ile, waliokuwa wamekwama juu ya miti, waliokolewa na Wawiradjuri.

Wawili miongoni mwao wamehifadhiwa kwa majina: Yarri, na mwenzake ambaye walowezi walimwita Jacky Jacky. Hutajwa pia wengine, akiwemo mmoja aliyeitwa Long Jimmy. Yarri alikuwa na mtumbwi wa gome la mti. Jacky Jacky, kwa masimulizi yaliyoenea, alitumia mashua ya makasia. Hesabu ya watu waliowatoa inatofautiana baina ya msimulizi na msimulizi, kutoka 40 na ushei hadi karibu 70. Inayosemwa zaidi ni kwamba Yarri aliwaokoa 49 na Jacky Jacky 20. Ikichukuliwa hata ile hesabu ndogo, ni sehemu kubwa ya mji iliyoletwa nchi kavu na mikono michache ya watu ambao mji huo ulijengwa juu ya ardhi yao.

Msomaji wa visiwani, anayejua chombo na anayejua mkondo, hana budi kutua hapa kidogo. Mtumbwi wa Wawiradjuri haukuchongwa kutoka gogo kama mtumbwi wa mwembe. Ni gome moja refu lililobanduliwa kutoka shina la mkalitusi, likapashwa moto ili lilainike na kukunjamana kwa umbo linalotakiwa, ncha zake zikainuliwa. Hauna mkuku, hauna ubavu wa mbao, wala hauna mrengu. Mwendeshaji husimama na kuusukuma kwa pondo. Katika maji matulivu ni chombo cha kuvulia samaki. Katika mto uliofurika, unaobeba magogo, mapaa na mizoga ya ng'ombe, chombo hicho hakina hata unene wa ubao wa kumkinga mtu. Faida yake ni moja: wepesi. Hukaa juu ya maji kama jani, na hupenya baina ya matawi mahali ambapo mashua nzito ingekwama au kupinduka. Lakini wepesi huo huo ulikuwa na gharama yake, maana haukuweza kubeba abiria ila mmoja, au wawili kwa shida. Hesabu ya watu 49 basi si safari moja wala kumi. Ni kwenda na kurudi, mkondo ule ule, mti baada ya mti, kwa muda mrefu, usiku na mchana. Na kila safari ilikuwa ni uamuzi mpya wa kurudi tena majini, uliofanywa na mtu ambaye hakuwa na deni kwa yeyote aliyekuwa mtini.

Lililofuata halina uzuri wa utenzi. Yarri na Jacky Jacky walivalishwa mabamba ya shaba yaliyoandikwa majina yao, ya kutundikwa kifuani kwa mnyororo. Mabamba ya namna hiyo ilikuwa desturi ya walowezi kuwapa wenyeji waliowapendeza. Kwa aliyetoa yalikuwa ni heshima, ila ni heshima inayomwambia avaaye kwamba sasa anatambuliwa na nani. Ikakubaliwa vile vile kwamba waokozi hao wawe na haki ya kumdai kila mkaazi wa Gundagai sarafu ya peni sita. Peni sita ni nusu shilingi, yaani sumni, kama walivyoiita wazee wa pwani. Mtu aliyekutoa mtini usiku wa gharika anakunyooshea mkono barabarani, nawe unampa sumni, na kila mmoja anakwenda zake. Inawezekana kabisa kwamba waliotoa walitoa kwa moyo safi. Hata hivyo, inajulikana kwamba Yarri mwenyewe baadaye alipata kudhalilishwa mjini humo, katika mji ambao baadhi ya watu wake wasingelikuwapo lau si yeye. Alifariki mwaka 1880. Mwishoni mwa karne hiyo Wawiradjuri wengi wa bonde hilo walikuwa wamekusanywa katika kituo cha Brungle, kati ya Gundagai na Tumut, chini ya uangalizi wa serikali.

Mji ulijifunza, ila ulijifunza kwa mateso mawili. Mwaka 1853 mto ulifurika tena, na safari hii maji yalipanda zaidi. Hapo ndipo Gundagai ulipohama kweli kweli, ukapanda mteremko wa Parnassus upande wa kaskazini na vilima vya upande wa kusini, ukauacha uwanda katikati uwe wa malisho na michezo. Ndiyo maana hata leo mji una umbo la ajabu, kama mtu aliyetanua miguu juu ya dimbwi asilowane. Ili kuziunganisha pande mbili ilibidi kujenga madaraja marefu kupita kiasi: daraja la Prince Alfred, lililofunguliwa 1867, na baadaye daraja la reli la mbao lililokamilika 1903. Mbao hizo zikawa fahari ya mji, kwa sababu zilikuwa ushahidi wa kimo cha woga wake.

Sasa nyimbo. Kwa kuwa Gundagai ulikuwa njiani, kila aliyekuwa akisafiri kwa kazi aliupitia: wakata manyoya ya kondoo, watafutaji dhahabu, waswaga mifugo, waendeshaji wa magari ya maksai. Watu hao walikuwa na tungo zao, na jina la mji, lenye silabi tatu na mwisho unaovutika, lilifaa kwa kina. Mshairi Banjo Paterson, alipokusanya nyimbo za porini na kuzichapisha kitabu mwaka 1905, aliukuta mji huo umekwisha kuimbwa. Mwaka 1922 mtunzi wa Melbourne, Jack O'Hagan, akatoa wimbo juu ya njia iendayo Gundagai, wimbo wa kukumbuka nyumbani, nao ukaenea Australia nzima. Baadaye ukawa kiingilio cha mchezo wa redio uliopendwa sana. O'Hagan alipoutunga alikuwa hajauona mji huo. Alihitaji jina linaloimbika, akalipata. Hakuna anayeweza kumlaumu, kwani tungo ngapi za pwani zinataja bandari ambazo mtunzi hakupata kuzifikia? Ila yafaa kuona kilichotokea: mto uliomeza thuluthi ya mji ukawa, katika wimbo, mandhari tu ya kuliwazia moyo.

Lakini aliyeushinda mji kwa umaarufu ni mbwa. Kisa chenyewe ni cha waendeshaji wa maksai. Gari limezama matopeni, nira imevunjika, maksai wamechoka, na dereva amekwisha matusi yote anayoyajua. Kisha, kukamilisha nuksi ya siku hiyo, mbwa anakwenda kwenye sanduku la masurufu, lenye chakula cha safari. Alichokifanya mbwa huko kinategemea anayesimulia. Katika utani wa zamani, ambao haukutungwa kwa ajili ya wanawake na watoto, mbwa alikiharibu chakula kwa namna ambayo mbwa anaweza. Katika toleo la adabu, lile la mshairi Jack Moses, mbwa aliketi tu juu ya sanduku. Kwa Kiingereza vitendo hivyo viwili vinatofautiana kwa herufi moja. Herufi hiyo ikiondolewa, mzaha wa madereva unageuka kuwa hadithi ya uaminifu: mbwa mlinzi, anayemngoja bwana wake asiyerejea. Wapenzi wa ushairi wanajua nguvu ya herufi moja, lakini ni nadra herufi moja kujenga mnara.

Kwani mnara ulijengwa. Tarehe 28 Novemba 1932 Waziri Mkuu wa Australia, Joseph Lyons, alikuja mwenyewe kuizindua sanamu ya mbwa juu ya sanduku lake. Shairi la Moses linataja maili tisa kutoka mjini. Sanamu iliwekwa maili tano, palipofaa zaidi. Ilikuwa ni miaka ya ukata mkubwa wa dunia, na mji ulikuwa umeandaa wiki ya kuwarejesha nyumbani watoto wake waliotawanyika; fedha zilizotupwa na wageni kisimani hapo zilikusudiwa hospitali ya wilaya. Haifai kulibeza jambo hilo. Mji maskini ulitafuta njia ya kutibu wagonjwa wake, na ukaona kwamba mbwa anaweza kuwalipia dawa.

Aliyemchonga mbwa huyo alikuwa fundi wa marumaru wa mji huo huo, Frank Rusconi, na yeye anastahili maneno yake mbali. Kwa miaka 28 Rusconi aliunda, kwa muda wake mwenyewe, jengo dogo la marumaru lenye vipande 20,948, vilivyokatwa na kung'arishwa kwa mkono. Hakuna aliyemwagiza. Kazi hiyo ingalipo mjini, ikionyeshwa kwa wageni. Mtu huweza kuuliza faida yake, na jawabu pengine ni lile lile la mtunzi anayekesha na utenzi wa beti elfu.

Gundagai ulikuwa na watu wa namna hiyo. Daktari Charles Gabriel, aliyehamia 1887, alitibu mchana na kupiga picha kila alipopata nafasi, na vioo vyake, mamia kwa mamia, vimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa mjini Canberra: watoto, farasi, wauguzi, mto ukiwa umetoka kingo zake. Katika barabara ya Sheridan wahamiaji wa Kigiriki waliendesha mkahawa wa Niagara, ambako Waziri Mkuu John Curtin alipita usiku mmoja mwaka 1942, katikati ya vita, akapewa chakula. Siku za mapumziko watu walikwenda raga, na kombe lililowatia wazimu lilikuwa la Maher, lililoanzia Tumut mwaka 1920 na kugombewa na miji jirani hadi 1971. Miji hiyo ilioleana, ilikopeshana na ilichukiana kwa ajili ya kombe hilo.

Maisha hayo yamepungua. Mwaka 1977 barabara kuu ilihamishwa, magari yakawa hayapiti tena mjini. Reli ilikufa katika miaka ya 1980. Mwaka 2016 serikali ya jimbo iliunganisha halmashauri ya Gundagai na ya Cootamundra, na watu wa miji yote miwili wakapinga kwa miaka, kila mmoja akiona amemezwa na mwenzake. Mwaka 2021 sehemu ndefu ya mbao ya daraja la Prince Alfred, iliyokuwa imeoza na kuhatarisha watu, ilibomolewa.

Katika kupungua huko ndiko lilikotokea jambo ambalo mji haukulifanya ulipokuwa na nguvu. Haikuwa kwamba Yarri na wenzake walisahauliwa kabisa. Zilikuwapo kumbukumbu ndogo ndogo, na familia zilizojua nani alimtoa bibi yao mtini ziliendelea kusimulia. Wawiradjuri nao hawakuacha kusimulia. Lakini mgeni aliyepita hakuona ila mbwa. Mwezi wa Juni 2017, miaka 165 baada ya gharika na miaka 85 baada ya mbwa, ilizinduliwa katika barabara ya Sheridan sanamu ya shaba ya Yarri na Jacky Jacky pamoja na mtumbwi, kazi ya mchongaji Darien Pullen. Wazao wa waokozi na wazao wa waliookolewa walikuwapo.

Miaka minne baadaye, 2021, mwandishi Anita Heiss, ambaye ni Mwiradjuri, alitoa riwaya inayoanza kwa usiku ule wa 1852. Jina lake kwenye jalada ni la Kiwiradjuri, *Bila Yarrudhanggalangdhuray*. Wauzaji wa vitabu wa Sydney na Melbourne ilibidi wajifunze kulitamka, kama walivyojifunza mababu zao kutamka Parnassus.

Mbwa angali kwenye sanduku lake. Mwaka 2019 wahuni walimwangusha, akainuliwa na kurudishwa baada ya muda mfupi, na habari hiyo ikasomwa nchi nzima. Yeye yuko kando ya barabara kuu, na wasafiri humfikia bila taabu, wakanywa kahawa, wakapiga picha na kuendelea na safari ya Melbourne. Anayetaka kumwona Yarri hana budi kuiacha barabara hiyo, aingie mjini, na aulize ilipo Sheridan.